Mlima wa Réseau

Ijumaa, 7 Novemba

Kikao cha "kuunganisha timu" tena, kwa video. Papa Jérôme, mkuu wetu wa shirika la misaada, yuko ofisi kubwa mjini, maua ya plastiki nyuma yake. Amebuni mchezo mpya: kila mmoja ataje moral yake, hali ya moyo, kwa rangi. Mimi hapa Kitshanga nimesema kijani. Uongo mtupu — kambini kwa wakimbizi watu wamelala kwenye matope.

Archange alijiunga akiwa juu ya mlima, kama kila Ijumaa. Anatengeneza chemchemi za maji huko Mpofi, peke yake, na kijijini réseau ya simu, mtandao, hakuna. Radio yake ilikufa zamani. Akitaka kutusikia lazima apande. Hata message zake ni sauti tupu, kuandika anasema ni kazi ya watu wa bureau, wa ofisini. Leo rangi yake ilikuwa ya maharagwe. Tulicheka.

Wengine walipotoka akabaki na mimi. Sauti chini. Wenye bunduki wameanza kumuuliza anaongea na nani.

"Dada Bénédicte, banasema nikipanda na telefone niko naonyesha drone njia. Uniombee ruhusa kwa Papa nibakie chini. Lakini mupaka unijibu nitapanda tu, kazi njo kazi."

Nikamwahidi. Réseau ikakata.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimempigia Papa Jérôme. Hataki. Timu ni famille, anasema, na mtu hakosi kwenye meza ya famille. Asiyeonekana atajihisi ametupwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa! Nimemkatia simu kwa hasira, kisha nikampigia tena kumwomba radhi. Najichukia kwa hilo.

Jumatano, 12 Novemba

Amekubali! Nilimwambia basi aniandikie yeye mwenyewe kwamba anamlazimisha Archange kupanda. Hakuandika. Akasema: "Sawa, Mama Bénédicte, umuambie abakie chini."

Nimemtumia Archange papo hapo: usipande tena mlimani, Papa amekubali. Nikala ugali wangu wote, mara ya kwanza wiki hii.

Jioni. Bado tiki moja, ujumbe haujamfikia. Nimeiangalia weee — ndipo nikaelewa, mjinga mimi. Ujumbe wa kumwambia asipande ataupata akishapanda.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemtuma Valens, motard wetu wa siku zote, kwa pikipiki yake apeleke maneno kwa mdomo. Amerudi na matope mpaka magotini. Barrière, kizuizi cha barabarani, imefungwa, mbele risasi zinalia. Pale barrière alimkuta Mama Kavira, muuza chumvi, anayejua vijia vya msituni, naye anaelekea Mpofi kwa miguu. Akampa yeye maneno.

"Nitamuambia," mama alisema, "kama nafika."

Valens alinisimulia hayo akitazama gurudumu la pikipiki. Nimeshika rozari, sikumaliza hata fungu moja. Naogopa.

Ijumaa, 14 Novemba

Kikao kimeanza. Ordinateur mezani, simu pajani, daftari hili kando. Kwenye kioo cha ordinateur nafasi ya Archange ni nyeusi. Papa Jérôme anasema leo tutataja rangi polepole, tusikilizane. Labda Mama Kavira alifika. Labda Archange amekaa chini huko anachoma muhogo, anatusengenya. Ee Mungu, awe anatusengenya.

Tiki mbili.

Simu iko mlimani.

Nimeandika: shuka. Nimeandika tena: kaka, shuka. Zote tiki mbili. Sasa zimegeuka bluu kwa pamoja. Ameona! Nimengoja sauti yake, hata kikohozi.

Hakuna sauti. Juu ya kioo cha simu, chini ya jina lake, panaonyesha anaandika. Inaacha. Anaandika tena.

Archange haandikagi.

Plamedi, mwenzetu wa Buleusa, amesema njano. Wanacheka kitu, sijui nini. Papa Jérôme ananiita, ananiita tena: Mama Bénédicte, na weye, rangi gani leo?