Miwani na Beseni

Kamembe, 12 Machi 2024

Joselyne mwanangu,

Amahoro huko Kigali? Bwana yako yuko mzima, na batoto? Miye niko mzima, ni miguu tu imechoka na safari.

Hii miwani ulinipeleka kuchukua, niko naichunguza sawa mtoto mwenye kupewa saa. Kumbe kweli ni macho matatu ndani ya kioo kimoja! Kwa yulu naona Bukavu, ng'ambo ya mto, mpaka mabati ya nyumba. Kwa katikati naona muntu mwenye kukaa mbele yangu. Kwa chini nasoma Biblia, hata zile namba ndogondogo. Sasa mpaka kati yao uko wapi? Nimegeuza miwani dirishani, nimetafuta, hakuna. Muulize Dominique, yule mganga wa macho, anaufichaga wapi.

Na nimeelewa kwa nini alikatalia fremu ndogo niliyopenda. Macho matatu yangekaa wapi mule?

Kitu kimoja: pembeni kunayumba. Nikigeuza jicho tu, mlango unapinda. Iko vile kwa batu wote?

Kesho narudilia kazi ya kuvusha tomati. Maman Chloé, mteja wangu, anangojea tomati zake kule ng'ambo.

Mama yako,
Védastine


Kigali, 17 Machi 2024

Maman wangu mpendwa,

Amahoro! Sisi wote wazima, mdogo tu ana kikohozi.

Nimemuuliza Dominique. Anasema mpaka hauko: nguvu ya kioo inaongezeka polepole kadiri unavyoshuka. Pembeni kunayumba kwa kila muntu. Dawa yake ni kugeuza pua, si jicho. Na kwenye ngazi, shusha kidevu ili uangalie kupitia yulu ya kioo. Uivae tangu asubuhi, utazoea.

Na mapatano yetu usisahau, Maman. Desemba ulianguka kwenye ngazi za kushukia mpakani. Tukasema: ukiona vizuri, unaendelea kuvuka. Ukianguka tena, basi, unaacha kazi na unakuja kuishi kwangu. Chumba kiko tayari, nimetia hata mapazia.

Mtoto wako,
Joselyne


Kigali, 20 Aprili 2024

Maman,

Uko mzima kweli? Mbona kimya? Kwenye simu unasema "ça va", eti uko sawa, na unakata. Dereva wa ajansi ya basi amenihakikishia alikuona unashuka mpakani na beseni kichwani, bila miwani. Imevunjika? Umeanguka? Niambie ukweli, silali vizuri.

Joselyne wako


Kamembe, 25 Aprili 2024

Joselyne,

Salamu nyingi. Kikohozi cha mdogo kimeisha? Miye sijaanguka, tuliza moyo. Lakini nilikaribia.

Unaniandikia nishushe kidevu. Nishushe kidevu na beseni iko kichwani? Ayi mama! Tomati zingetangulia mtoni! Eti nigeuze pua. Muntu mwenye kubeba hageuzi pua, anageuza macho. Basi nikishuka, kichwa kinasimama, macho yanaenda chini na yanaingia mule mwa kusomea Biblia. Ngazi inakuwa uji. Miguu yangu siioni.

Dominique aliniweka kwenye kiti, akatia alama kwenye kioo mbele ya jicho, akauliza kama nasoma, kama nashona, kama naendesha gari. Hakuuliza kama nabeba kichwani, na miye sikusema. Nani anasema kitu sawa ile? Nimebeba tangu utoto, ni kama kumwambia napumua.

Njo maana nikaitoa, nikavuka bila, kama zamani. Nikifika sokoni naivaa, pale inanipendeza sana. Sikukuandikia kwa sababu naogopa chumba chako. Ni kizuri, mwanangu, lakini nitafanya nini mule mchana wote? Kungojea murudi kutoka kazini? Hapa batu bananiita kwa jina. Usinitoe hapa.

Mama yako


Kigali, 4 Mei 2024

Maman,

Barua yako imeniliza. Kisha nimeenda kwa Dominique na beseni yangu ya kufulia, imejaa viazi. Usicheke! Nimemwambia anipe miwani ya kujaribu kama yako, nikatia ngata na beseni kichwani, nikasimama kwenye ngazi za duka lake. Nilitafuta miguu yangu, haikuwepo. Nikashika ukuta kwa nguvu, viazi vikaenda mpaka barabarani, na Dominique akavikimbilia na blouse yake nyeupe ya kazi.

Aliporudi alikuwa anashangaa. Akasema hilo swali hajawahi kumuuliza muntu, na kuanzia leo atauliza. Anakutengenezea ya pili: ya mbali tupu, kioo kizima, ya njiani. Ile ya macho matatu ibaki ya sokoni na kanisani.

Na kile chumba, Maman, haikuwa sababu ya ngazi tu. Nakukosa sana. Niliona aibu kusema hivyo, njo nikakitia ndani ya mapatano. Mapatano yameisha. Vuka tu, Maman.

Joselyne


Kamembe, 2 Juni 2024

Joselyne wangu,

Amahoro mengi kwako na kwa nyumba yote. Miye niko mzima kabisa.

Dereva amenipa miwani ya njiani. Leo nimeshuka nayo, beseni kichwani, kidevu yulu. Ngazi zote nimeziona, na miguu yangu juu yake, na viatu vichafu, aibu tupu! Ng'ambo nimemwona Maman Chloé toka mbali, mikono kiunoni, amenuna kwa sababu nimechelewa. Nimeanza kucheka kabla ya kumfikia. Ile nyingine ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge, nikaivaa sokoni, na sasa kila jirani anataka kuijaribu.

Mbona hukusema tu kama unanikosa? Miye pia nakukosa.

Mwezi wa nane nitakuja. Nitalala kwenye kile chumba, kisha nitarudi kwa kazi yangu. Siku ile, ukinisubiri kwenye ajansi, usiniite wala usinipungie mkono. Kaa tu katikati ya batu. Nataka kukuona miye wa kwanza.

Mama yako,
Védastine