Mashine za Mwende na Mbuzi wa Ntheo

Mumbuni, Machakos
Alhamisi

Baba Mutua,

Mguu umeacha kufura, ama bado unauficha ndani ya kiatu usipelekwe hospitali? Na yule ng'ombe mwekundu, anakula? Mimi niko mzima, namshukuru Mungu, ila niko na hasira. Najua unauliza watu mbona nilitoka Jumatatu kumchukua mjukuu mmoja tu, na mpaka leo hamtuoni. Soma polepole, na usianze kelele kabla hujafika mwisho.

Mwende nilimkuta amekonda, ameketi mbele ya kompyuta iliyofunuliwa, matumbo yote nje. Nikamwambia, "Jumamosi wakwe wanaleta mbuzi wa ntheo. Bila hao mbuzi wewe si bibi ya mtu, hata ukizaa kumi. Na hakuna atakayeshika kisu kabla wewe mwenyewe hujaulizwa mbele ya watu kama waliwe. Ama wataniuliza mimi?"

"Susu," akasema, hata hakugeuka kumtazama nyanya yake, "Ijumaa mkubwa wangu anataka kuona hizi mashine zikiamka. Zisipoamka kazi anapewa mtu mwingine, na mimi narudi nyumbani."

"Si vizuri? Nyumbani ndiko nakupeleka."

Hapo akageuka. Macho kama yako ukinyimwa tumbako.

Mashine zenyewe ni kuukuu, zinaenda shuleni. Mwende anaandika ile programu ya kwanza kabisa, inayoamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Lakini akibonyeza, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi, halafu inajizima na kuanza upya. Haisemi kitu. Anaandika tena, anabonyeza, inakufa.

Jumanne nikachomoa waya wa stima nikaufunga kwa leso yangu. "Sasa vaa viatu twende." Hakulia. Alisema tu, "Kaa na huo waya, Susu. Lakini ujue umenifuta kazi kwa mkono wako." Chai ilipoa hakuna aliyeigusa. Mwishowe nikamwambia anieleze ni nini hasa kinamshinda, na asinieleze kwa Kizungu.

Akasema ndani ya mashine kuna kumbukumbu, ni kama shamba ambalo kila kitu kinawekwa. Programu ikiamka inajichorea ramani ya hilo shamba, hapa pa nani na pale pa nani. Ikishaanza kufuata ramani, na ramani iko mbaya, inaanguka papo hapo. Kioo hakijawashwa, itasemaje inaumwa wapi?

"Na wewe utajuaje?"

"Naifanya ilie. Kila hatua nimeweka mlio."

Basi nikarudisha waya. Nikamwambia angalia maandishi yako, mimi nitasikiliza. Masikio yangu bado ni mazima. Tii. Tii. Kimya. Anabadilisha. Tii, tii, kimya. Jana kutwa nzima! Nimechoka kuliko siku ya kulima. Ikafika mahali nikaipigia kelele, "Sema, mjinga wewe!" Mwende akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Leo asubuhi akajipiga paja. Kumbe kioo cha hizi mashine hakina kumbukumbu yake chenyewe, kinajikatia kipande kule mwisho wa shamba. Na mashine ikiulizwa inasema hicho kipande kinaanzia wapi. Mwende hakuuliza. Alisoma tu ukubwa wa shamba, akaenda kuiweka ramani yake kule mwisho, ndani ya kipande cha kioo.

"Umejenga kwa shamba la mtu!" nikamwambia. "Kwetu hata kupanda katani kwa mpaka unaita jirani kwanza. Nani alikulea?"

"Wewe, Susu."

Akaisogeza ramani. Tii, tii, tii, na maandishi meupe yakapanda kwa kioo kama siafu. Nikapiga kigelegele.

Lakini hiyo ni moja. Zingine haziko sawa, kila aina inakata kipande chake, na ni lazima programu ijifunze kuiuliza kila mashine. Mkubwa wake alipita mchana, mtu wa tai. Akasema, "Moja si kazi. Kesho siji, nitazitazama zote Jumatatu." Mwende aliniangalia mimi, maana Jumamosi ni ya mbuzi.

Basi sikiliza, Baba Mutua. Enda kwa wakwe wewe mwenyewe, usitume mtu. Waambie mbuzi walishwe mpaka Jumamosi ile ingine. Watasema msichana ana kiburi. Sema kiburi ni cha nyanya yake. Wakitaka kumwoa aache kazi, hao mbuzi warudi malishoni. Najua ni mimi niliyekuambia wakwe hawangojeshwi. Sasa nasema wangojeshwe.

Barua hii inaletwa na Musyoka muuza samaki. Mpe chai, usimpe maneno. Salimia dada yangu Kalekye, mwambie pombe ya wageni asiianze. Salimia Mutua, mwambie binti yake anakula, mimi ndiye napika. Na mke wa Mutua asilie, hakuna aliyekufa.

Usije kutuchukua. Nikija, nakuja naye.

Mimi mkeo,
Mama Mutua