Sigara za Kupewa

Shuleni, Embu
Jumatano jioni

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye mashamba ya kahawa. Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi imenipasua midomo. Wewe hujambo? Tumbo bado linakuuma ukibeba mizigo? Na kifua je?

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Kila nikifungua kitabu cha bayolojia kwenye sura ya mapafu, nakusikia ukikohoa nyuma ya zizi, na macho yanaacha kusoma. Daktari wa Meru alisema hatakupasua ule uvimbe wa tumbo mpaka uache sigara, maana kikohozi kinaweza kufumua nyuzi za mshono. Mama alipopiga simu kwa matroni, aliniambia ulikwenda kliniki ya kuacha sigara mara moja, ukarudi ukisema nesi ameona huna shida kubwa. Tangu siku hiyo situlii.

Likizo fupi nilikuwa kwa Shangazi Karimi. Mume wake, Anko Njeru, naye anaacha sigara. Alianza kliniki ya hospitali, kama wewe. Anasema huko ni wewe na nesi tu, mlango umefungwa, unapewa dawa ya kutafuna, na hakuna jirani anayejua. Lakini ukitoka uko peke yako mpaka mwezi ujao, na wakati wa kuchuma kahawa hakuna mtu wa kuacha shamba akapange foleni. Akaacha kwenda, akawa anavuta akijificha chooni. Shangazi alimjua kwa moshi uliotoka juu ya mlango.

Sasa anakwenda kwenye kikundi kinachokutana kila Alhamisi katika ukumbi wa kanisa. Nesi wa zahanati ndiye anayekiongoza. Shangazi alikuwa na zamu ya chai, nikamsaidia kubeba vikombe. Nilidhani nitawakuta wakihubiriwa, kumbe wanataniana. Mmoja alisema ameacha kabisa, mwenzake akamwuliza mbona basi koti lake linanuka kama jiko la kuni. Anko hapendi mambo yake yajulikane, na mwanzoni alikuwa anakaa karibu na mlango. Lakini anasema aibu ya kuwadanganya wale wazee ni kubwa kuliko hamu ya sigara.

Nesi akauliza kila mtu anavuta ngapi kwa siku. Anko akajibu, “Tatu.”

Kulikuwa na mzee mmoja, mtu wa kwetu Igembe aliyeoa huku, zamani alikuwa dereva wa pikapu za miraa. Akaweka kikombe chini.

“Na zile za kupewa, Njeru?”

“Zipi?”

“Zile za kupokezana mkikaa. Mimi nilimwambia nesi navuta mbili, kwa sababu nilinunua mbili. Zilizotoka kwa mifuko ya watu nikitafuna miraa, nilisema hizo si zangu. Mapafu hayakuuliza ni za nani.”

Walicheka. Mimi nilibaki na birika mkononi. Nilikuona wewe, Baba, umekaa na wanaume jioni, mkifunga miraa kwa majani ya migomba kabla pikapu ya kutoka mjini Maua haijafika, na sigara ikizunguka kati yenu kama kibuyu cha uji. Sijawahi kukuona ukinunua pakiti. Nadhani ulimwambia nesi wa Meru ukweli, na bado hakusikia hata nusu. Yeye hakuuliza habari za miraa, nawe hungeanza kumweleza.

Watu walipotoka nilimwuliza nesi, kwa sauti ndogo mpaka akainama, kama mtu wa mbali anaweza kusaidiwa. Akasema kliniki inasaidia kwa dawa, kikundi kinasaidia kwa moyo, na aliye mbali yeye humpigia simu, ila lazima aijue ile saa ambayo hamu hukaza. Akaniomba namba yako. Ninaikumbuka kwa kichwa, lakini sikuitoa. Siwezi kumpa mtu namba ya baba yangu bila yeye kujua.

Dawa ya kliniki usiiache, Baba, na urudi ukamweleze yule nesi juu ya zile za kupewa. Kikundi huko kwetu hakuna. Lakini mtu akikupigia jioni mkifunga miraa, utainuka uende kando ujibu, na sigara itakupita. Hakuna anayemcheka mtu kwa kupokea simu.

Nisalimie Mama, na nyanya anayekupikia uji wa wimbi ukikosa hamu ya kula. Msalimie kaka yangu Mwenda, anayekaa kushoto kwako jioni, na umwambie sigara ikimfikia asikupe.

Ukikubali nimpe yule nesi wa kikundi namba yako, Jumapili Mama akimpigia matroni, chukua simu umwambie aniletee neno moja tu, “ndiyo”. Matroni hatajua ni ndiyo ya nini. Nitakuwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi yake tangu kanisa litoke.

Ni mimi binti yako ninayengoja,
Nkatha