Hodi ya Angani

Mwanangu Hamisi,

Kukuuliza hujambo siwezi, na mimi mwenyewe sijambo ya mdomoni tu. Moyo hautulii. Leo hata uji nimeuunguza.

Unakumbuka mara ya kwanza ulipopita na ndege hapa Mbuchi? Niko juu ya dungu, naamia mpunga usiliwe na kwelea, mara muungurumo! Dungu likatikisika, nikashika nguzo kwa mikono miwili. Nikakuona kabisa unapunga. Jioni kwenye simu nikakugombeza: "Mtoto wewe, unataka kuniua? Salamu za simu hazitoshi?" Ukacheka. "Mama, nipite kwetu nisipige hodi? Watu watasema nimekuwa Mzungu." Nami nikacheka, maana ndivyo nilivyokulea, mtu hapiti mlango wa mama yake kimyakimya. Na sikufichi, nilijidai. Kijiji kizima kilikuwa kikiniita Mama Rubani.

Siku ile ya mwisho ulikuwa peke yako, unatoka mbugani kufuata wageni Mafia. Ukapita chini vilevile. Nikasikia injini inakohoa, kisha kimya. Ukaangukia mikokoni ng'ambo ya mto, mkono wangu ungali juu nikikupungia.

Wachunguzi wakaja. Mmoja, kijana mpole, akanieleza kuwa injini ilizimika. Lakini ikizimika ndege ikiwa juu, rubani hupata nafasi ya kutafuta pa kutua, na ikiwa chini hapati. "Mama, alikuwa anapita chini?" Nikajifunika khanga usoni. Baba yako mdogo akanijibia: "Alikuwa juu kabisa." Watu wote wakaitikia, juu, juu. Marehemu hasemwi vibaya.

Sasa sikia. Leo asubuhi Shomari, rafiki yako mliyesomea urubani pamoja, kapita na ndege juu ya paa langu, chini mpaka makuti yakapeperuka. Ananisalimia kwa niaba yako, masikini. Nikajitupa chini nimeziba masikio, nangoja injini ikohoe. Na majirani wanapiga vigelegele! Ati Mungu kanipa mtoto mwingine. Nimempigia simu kutwa nzima haipokelewi, nikashindwa hata kula. Alipopokea anasema, "Mama, usiogope, kila safari nitapiga hodi. Si ni injini tu iliyomponza Hamisi? Yangu nzima."

Injini tu! Hayo ndiyo tuliyoiambia dunia, naye kayaamini.

Nimemwita yule kijana mchunguzi, kesho anarudi. Baba yako mdogo kanuna, anasema nikifungua mdomo nitakuwa nimekutia aibu kaburini. Naogopa, mwanangu. Naogopa watakavyokusema barazani, naogopa wewe utakavyonisikia huko uliko. Lakini nitasema ulikuwa chini, tena nitasema ulikuwa unamsalimia nani.

Shomari naye ana mama.

Mola akupanulie kaburi lako, na mimi anipe ulimi usiotetemeka.

Mama yako aliyekuzaa