Pete Nne Chini ya Silinda

Jumatatu, 6 Julai 1964

Nimeosha kichwa cha pili cha injini kwa mafuta ya taa, nikakianika uani. Kaniki yangu imeingia grisi tena. Bi. Mejumaa, mavyaa yangu, amepita na ungo wa mchele, akatazama, akaenda zake. Hajasema neno tangu nilipoifungua injini ya gari la mwanawe. Afadhali angenigombeza.

Majirani wanasema kwa sauti ili nisikie: mjane aliye kwenye eda hukaa ndani, akaswali, akamwombea mumewe. Nimekaa ndani. Nimeswali. Nimemwombea. Mlango wa mbele sijauvuka tangu Hamisi azikwe. Manukato sijapaka, na grisi si manukato. Injini iko jikoni mwangu, na hakuna aliyenionyesha aya inayokataza spana.

Alhamisi, 9 Julai

Shemeji Bakari amekuja. Yeye kwenye baraza, mimi nyuma ya pazia, kama sheria inavyotaka. Anaendesha lori huko Samburu, njia ya Nairobi, kwa hiyo anajiona mjuzi wa kila chenye magurudumu. Amepata mtu Galu anayetaka milango, viti na taa za gari la marehemu ndugu yake. Injini, anasema, itupwe.

Nimemwambia fungu langu la urithi ni gari hilo. Sitaki minazi, sitaki shamba. Akacheka. Kicheko kile kiliniuma kuliko maneno yake.

Mwisho tumewekeana sharti, Bi. Mejumaa akiwa shahidi. Eda ikiisha, gari lipande mlima wa Kwale bila kusimama, yeye na mamake wakiwa ndani. Likifika juu, ni langu. Likishindwa, analichukua siku hiyo hiyo.

Niandike wazi: nalitaka gari hili. Sina mtoto. Nikiwa nalo, nitabeba watu kutoka Kinondo mpaka Msambweni na nitakula jasho langu. Nikilikosa, nitarudi kwa kaka yangu Rashidi, nikae pembeni mwa jiko la mkewe mpaka nizeeke. Sitaki.

Jumamosi, 11 Julai

Nimetazama tena pistoni iliyotoboka. Tundu la kupitisha kidole.

Si bahati mbaya. Ni Hamisi. Alizinunua pistoni hizi kwa Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo aende kwao, mtu wa mashindano ya magari. Zina vichwa vilivyoinuka, zinaibana hewa na petroli kupita kiasi. Kwa petroli ya mashindano, sawa. Kwa hii yetu ya pipa, moto hulipuka kabla ya wakati wake na injini inagonga. Na injini yenyewe haina maji, inapozwa kwa upepo tu. Mlima wa Kwale, abiria wanne, jua la saa nane: ngo, ngo, ngo. Nilimwambia punguza. Akasema huo ndio mlio wa nguvu. Wiki ile ile pistoni ikatoboka. Mwezi uliofuata homa ikamchukua yeye.

Nina hasira naye. Nampenda na nina hasira naye, na katika nyumba hii hakuna pa kuisemea hasira ya mjane.

Rashidi amenipatia pistoni moja kuukuu ya aina ile ile. Sitanunua nyingine, hazipatikani. Nitapunguza mbano. Pete za chuma laini chini ya kila silinda, silinda inyanyuke kidogo, pistoni isifike juu kabisa. Injini itakosa mbio. Itaishi.

Jumanne, 14 Julai

Kabla ya kukata pete lazima nijue nafasi iliyomo ndani ya vichwa vya injini. Hamisi alinifundisha: unakilaza kichwa chali, unafunika shimo kwa kioo chenye tundu, unajaza kwa sindano mpaka hewa yote itoke. Ulichokitia ndicho kipimo.

Mafuta ya taa yalivujia kwenye vali. Nikachukua mafuta ya nazi ya Bi. Mejumaa. Mazito kidogo, hayavuji. Alasiri, jua limepiga, yalitiririka vizuri. Kichwa cha kushoto, mashimo mawili, kipimo kimoja. Nimefurahi mno.

Jumatano, 15 Julai

Nimeamka na manyunyu na upepo wa kusi. Nimepima kichwa cha kulia baada tu ya swala ya alfajiri, kabla majirani hawajaanza kuchungulia. Mashimo ya huku ni madogo. Ajabu. Mzungu yule alikichonga upande mmoja tu? Basi pete za kulia ziwe nene zaidi.

Rashidi anavuka Likoni kesho na machungwa yake. Nimempa vipimo ampelekee fundi wa kukereza vyuma. Kushoto, unene wa sarafu ya senti kumi. Kulia, zaidi ya hapo.

Jumanne, 21 Julai

Pete zimekuja. Nne, zinang'aa kama bangili. Kwa muda mfupi nilisahau kama nina huzuni.

Bakari alipita akaniuliza kutoka nje ninapiga nini humo ndani. Nikamweleza. Afadhali nisingemweleza.

"Marehemu aliitia nguvu, wewe unaitoa," akasema. "Utaigeuza cherehani, shemeji."

"Cherehani yangu ina miaka tisa," nikamwambia, "haijatoboka hata siku moja."

Bi. Mejumaa alikuwa akipepeta mchele. Ungo ulisimama kidogo, ukaendelea.

Jumatatu, 27 Julai

Kila kitu kimekaa. Silinda zimenyanyuka, kwa hiyo mirija ya mafuta ilikuwa mifupi sasa, nimeivuta mmoja mmoja kwa mkono ifike. Vidole vimevimba. Rashidi amenisaidia kuibeba injini mpaka banda la uani lilimo gari na kuifunga.

Jumanne, 28 Julai

Imewaka. Na ni aibu.

Inatetemeka kama mbuzi mwenye homa. Upande wa kulia umelegea, hauna pumzi. Ukikanyaga petroli inakohoa, inataka kuzima. Bakari alikuwa barazani, mahali pazuri pa kusikia kila kitu. Hakucheka safari hii. Alisema kwa upole kwamba atamwambia yule mtu wa Galu asubiri. Upole wake umenichoma zaidi.

Nimesafisha kabureta. Nimebadilisha plagi. Nimerekebisha vali mara tatu. Bado.

Alhamisi, 30 Julai

Bado. Nimelia chini ya gari, pale ambapo hakuna anayeniona ila kuku. Labda sijui. Labda nilikuwa nashika taa tu huku Hamisi akifanya kazi, nikadhani nami ni fundi.

Kisha nikajipangusa uso. Sijampa mtu gari hili, na sitampa leo.

Jumamosi, 1 Agosti

Nimegundua. Ni mpumbavu mkubwa mimi, na nimecheka peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Asubuhi baridi. Bi. Mejumaa ametoka na chupa ya mafuta ya nazi, akaiweka ukutani penye jua, kama afanyavyo kila asubuhi ya miezi hii. Yameganda. Meupe kama ute wa yai lililochemshwa. Nimekaa nikiitazama chupa mpaka jua likafika katikati yake na mafuta yakaanza kushuka.

Alasiri nilipima kichwa cha kushoto, mafuta yakiwa maji. Alfajiri nilipima cha kulia, mafuta yakiwa mazito, nusu yamelala, yakaacha mapovu ya hewa chini ya kioo. Ndiyo maana shimo lilionekana dogo. Mimi, niliyezaliwa pwani, niliyepakwa mafuta haya tangu siku ya kwanza duniani!

Nimeifungua injini upande ule na kupima upya, mafuta yakiwa yameota jua. Vichwa viko sawa. Pete mbili za kulia ndizo nene kupita kiasi, kwa unene wa ukucha.

Jumatatu, 3 Agosti

Rashidi amelala na homa, haendi Mombasa wiki hii. Mimi siwezi kutoka. Eda inakwisha wiki ijayo, na Ijumaa yake ndiyo mlima.

Basi nitazisugua kwa mkono. Kioo cha Hamisi, dawa ya kusugulia vali, pete juu yake, duara, duara, duara. Zinalika kidogo mno. Kuanzia adhuhuri mpaka magharibi nimepunguza kiasi cha karatasi.

Jumatano, 5 Agosti

Mikono imechubuka. Nimesugua. Majirani wamesikia mkwaruzo, wamekuja kuuliza kama nasaga kitu. Nasaga chuma, nimewaambia. Wamekwenda zao.

Ijumaa, 7 Agosti

Leo Bi. Mejumaa ametandika mkeka mbele yangu, akakaa, akanyoosha mkono. Nilidhani anataka chai. Akaichukua pete.

Amesugua baada ya swala ya Ijumaa mpaka alasiri. Kwa kila duara anavuta istighfari. Mikono yake ni ya kukuna nazi miaka yote, ina nguvu kuliko yangu, na inakwenda sawasawa, haiinamii upande mmoja. Nikapima: pete yake imekuja vizuri kuliko yangu.

"Mwanangu alipenda mbio tangu mdogo," akasema. "Nilimwambia. Nawe ulimwambia, nilikusikia."

  Nimelia mbele yake, naye akaendelea kusugua. Miezi yote hii nilidhani ananilaumu kwa kuibomoa kazi ya mwanawe. Kumbe alikuwa akingoja nimwachie nafasi naye ashike kazi.

Jumatatu, 10 Agosti

Pete nne, unene mmoja. Rashidi amepona, ameifunga injini nami. Imewaka. Imetulia. Nimeweka kikombe cha chai juu ya bodi, chai haikumwagika.

Eda imekwisha leo. Nimeoga, nimebadilisha nguo. Sijatoka bado. Nitatoka kwa gari.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimetoka mlango wa mbele na funguo mkononi. Kinondo nzima ilikuwa nje. Mwanamke mmoja akasema "hana haya." Nimemsalimu kwa jina lake.

Bi. Mejumaa mbele, kandokando yangu. Bakari nyuma, miguu imemfika kidevuni, ameinamisha sikio kwenye injini iliyo nyuma ya kiti chake, kama daktari. Nilijua anasubiri nini.

Ukunda, Tiwi, Kombani, kisha kushoto, mlima. Gia ya pili. Kwa mwendo ule bibi mwenye mzigo wa kuni angeweza kutupita. Lori la mawe likatupita kweli, dereva akatoa kichwa kuniangalia. Sikukanyaga zaidi. Niliogopa mno, nikashika usukani kwa mikono yote miwili na kuomba. Kwenye kona kubwa, pale pale injini ilipomgongea Hamisi, nikatega sikio.

Haikugonga.

Juu Kwale nikasimama kwenye kivuli. Bakari akashuka, akaenda nyuma, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Akakiacha hapo muda mrefu. Nadhani alikuwa akimkumbuka ndugu yake. Mimi nilikuwa nikimkumbuka.

"Shemeji," akasema, "gari ni lako. Mtu wa Galu nitamwambia mwenyewe."

Sikumjibu kwa maneno makali niliyokuwa nimeyaandaa tangu Julai. Nilikuwa nayo mengi.

Jumatatu, 17 Agosti

Alfajiri nimempeleka bibi mmoja Msambweni kumwona mjukuu. Abiria wangu wa kwanza. Alisinzia njia nzima.

Niliporudi, Bi. Mejumaa alikuwa uani na chupa yake. Jua halijafika ukutani, mafuta yameganda. Akaiweka juu ya kifuniko cha injini, pale penye joto, akaniambia nikae. Mafuta yakashuka taratibu. Akanifungua nywele, akanipaka kichwani, mara ya kwanza tangu msiba, mpaka abiria wa pili akapiga hodi.