Stata Ilikuwa kwa Meza Yangu

Momanyi ndugu yangu,

Sijui mtu akiandikia marehemu anaanza na nini. Nikikuuliza habari yako ni kama nakucheka. Wacha niingie tu moja kwa moja. Si wewe ulikuwa unasema naongea kama gari haina breki? Niko hapa kibandani kwangu Masimba, mvua inanyesha tangu saa nane, hakuna mteja, na kuna kitu nilikuficha ukiwa hai. Ukakufa, nikaendelea kuwaficha watu wako.

Hakukuwa na spea.

Ile stata ya pikapu yako, ile nilikuambia nangoja spea yake kutoka Kisii mjini, sikuwa nimeagiza chochote. Uliniletea Jumatatu ukasema, "Kerubo, isafishe, uirudishe, basi." Lakini unanijua, siwezi kuona kitu imefungwa nikanyamaza. Nilikuwa nimeona kwa simu video ya mzee fulani wa ng'ambo akifungua stata kama hiyo, nikasema leo ndio siku yangu ya kujifunza. Nikatoa kila kitu. Springi moja ndogo, ndogo kama kucha ya mtoto, ikaruka ikaingia kwa nyasi nyuma ya kibanda. Nilitafuta na sumaku. Nilipiga magoti nikatafuta na vidole mpaka kucha zikajaa udongo. Halafu aibu ikanishika. Mimi ndio yule fundi msichana hakuenda chuo, yule wanaume huja kusimama wakiangalia kama kweli anaweza kufungua nati. Ningekuambiaje nimepoteza springi yako? Nikasema spea inakuja.

Ukacheka. Ukasema, "Profesa, chukua muda wako. Kwani hapa kwetu ni nani anahitaji stata?"

Na ilikuwa ukweli! Hapa kila pahali ni mteremko. Umeegesha gari na uso ukiangalia chini, asubuhi unaachilia breki, inateremka kidogo, unaachilia klachi, imewaka. Nani alitufundisha? Hakuna. Tulizaliwa tukiona wazee wakifanya hivyo. Na ile pikapu ulijua tabia yake, ukisimama ikaunguruma pole pole, inajizima. Kwa hivyo ukifika pahali kuna watu wengi ulikuwa unatoa mkono kwa dirisha, unazungusha ngumi kama mtu anazungusha ufunguo, na Masimba nzima inajua maana yake. Kwamba stata imelala, siwezi kusimama, nipisheni. Wa mkokoteni anavuta kando, wamama wa nyanya wanaondoa beseni, na lazima mmoja apige kelele, "Momanyi, nunua ng'ombe aivute!" Wewe unapita ukicheka na meno yote nje.

Alhamisi ndizi zako zilikuwa zimeshakatwa zinakungoja Sironga na zilikuwa zinaanza kugeuka rangi. Mteja alikuwa huko chini, kwa mashamba ya miwa, mbele ya Ahero. Ulipita hapa kwangu bila kusimama, ukapunguza tu mwendo, mimi nikakimbia kando ya dirisha kama mwendawazimu, na stata yako iko kwa meza imelala vipande vipande. Ndio nikakuambia yale maneno. Nayasikia kila siku, Momanyi. Nikiosha vyombo nayasikia. Nilikuambia, "Huko chini ni tambarare. Chochote ukipata mbele, wewe usisimame. Hata akiwa askari, usisimame!"

Ukasema, "Sawa, bosi."

Sisi reli tuliiona kwa kitabu cha shule. Hapa kwetu na Nyamira yote hakuna hata kipande cha chuma kimelala chini. Nilikuwa nimefikiria askari, nimefikiria mbuzi, nimefikiria bampa, yale matuta ya barabarani. Treni haikuingia kwa akili yangu hata kidogo.

Wacha nikuambie yale hukuona. Tulikuzika nyumbani, upande wa migomba, pale ulipenda. Watu walikuwa wengi. Mzee mmoja wa kanisa akashika maiki akasema vijana wa siku hizi wanakimbia kimbia, wanashindana hadi na treni, na mama yetu akaitikia na kichwa. Mke wako Moraa alikuwa amekaa na kanga juu ya kichwa, sikuona uso wake. Dereva mmoja aliyekuwa huko relini siku ya ajali alikuwa ameleta habari, magari yalikuwa yamesimama kwa laini, treni inapiga honi, na wewe ukatoka nyuma ukayapita yote kwa upande wa kulia. Hiyo ndio hadithi ilikuja Masimba, na imekaa. Brayo wako alirudi kutoka shule akilia kwa sababu kijana mmoja alimwambia, "Baba yako alishindana na treni akawa namba mbili." Mtoto wa miaka saba anaambiwa hivyo. Na mimi nilikuwa pale pale jikoni kwa Moraa, nimeshika kikombe cha chai, ninajua ukweli, na nikanywa chai.

Nilinywa chai, Momanyi.

Baada ya wiki chache nikashindwa kulala, nikapanda gari mpaka Sondu, mpaka Ahero, nikabadilisha, nikafika pale reli inakata barabara. Nilitaka kuona. Nilidhani nitapata geti, au mtu na bendera, au taa. Ni kibao tu cha msalaba, rangi imebabuka, na kingine kimeandikwa usimame. Pembeni kuna mama anauza mahindi choma. Nilinunua moja nikakaa kwa jiwe lake kuanzia saa nne hadi jioni.

Hakuna mtu anasimama! Nakuapia. Nilikuwa nasema hawa watu wataona treni moja tu wataacha, kumbe wanaiona kila siku. Matatu moja ya abiria ilikuja, simu ikiwa imebanwa kati ya shingo na bega la dereva, hata hakugeuza macho. Lori ya miwa iliingia kwa reli na mbele kumejaa, ikabaki hapo katikati, tumbo lake juu ya chuma, dereva anakula miwa. Bodaboda na watoto watatu wa shule. Mwingine vioo vimefungwa, muziki unatetemesha mlango, huyo hata malaika akipiga baragumu hasikii. Halafu akaja mwalimu mmoja hivi na gari ndogo, akasimama vizuri, akaangalia huku, akaangalia huku. Unajua walimfanya nini? Wa nyuma walimpigia honi, mmoja akatoa kichwa akamwambia, "Mzee, unasubiri ikusalimie?"

Nilimuuliza yule mama kama alikuwa hapo siku yako. Akaniangalia, akasikia vile naongea. Akasema, "Wewe umetoka milimani. Nyinyi mkifika hapa mnadhani hii ni bampa." Halafu akaona uso wangu. Akanieleza pole pole. Alisema hukuwa unaenda kasi. Alisema ulitoa mkono nje ukizungusha ngumi, ukizungusha, ukizungusha, na watu wa kwa laini wakadhani unawatusi, wakakurudishia matusi. Hakuna mmoja alijua. Ulikuwa unawaambia stata imelala. Ulikuwa unaomba njia kwa watu hawajui lugha ya mkono wako.

Na ile treni nayo ulikuwa unaiomba?

Ilipita nikiwa hapo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona treni. Honi ililia mbali sana na mimi tayari nimeruka mtaro nikashika nguo ya yule mama. Mtetemo wa ardhi unaingia kwa miguu. Nikasema basi, hii kitu si gari. Nilisoma kwa simu kwamba dereva wake hata akifunga breki zote inaendelea kuteleza mbali sana kabla haijasimama. Hawezi kuvuta kando kama mtu wa mkokoteni. Hana kando.

Sasa hapa nitasema kitu na usinikasirikie. Nimejilaumu mpaka nimechoka, lakini kuna sehemu ni yako. Ungeacha izime. Ungesimama nyuma ya wale wengine, ikazima, ukashuka, ukakaa kwa nyasi, ndizi zikaoza. Ungeita vijana wa pale wakusukume, wangekucheka, ungewapa mkungu mmoja. Uliona laini imesimama na ukaipita. Hiyo sikukuambia mimi. Lakini nani alikuambia usisimame chochote ukipata? Naenda hivi na kurudi hivi, kama msumeno, na hakuna siku nafika.

Niliporudi nilienda kwa Moraa. Alikuwa anachambua maharagwe kwa ungo. Nikamwambia yote, springi, uongo wa spea, yale maneno ya kwa dirisha, mkono wako. Niliongea haraka, najua, hata nikarudia pahali. Hakulia. Aliendelea kutoa mawe kwa maharagwe. Akaniuliza kitu moja tu, "Siku ya mazishi, yule mzee akiongea na maiki, ulikuwa unajua haya?"

Nikasema ndiyo.

Akainuka, akaingiza ungo ndani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga tu, kama mtu anafunga mlango jioni kuku wameshaingia.

Mama nilimwambia kesho yake. Yeye alilia, akanishika kichwa, akasema mimi pia ni mtoto wake. Ingekuwa rahisi kama angenipiga.

Huku kibandani nimebadilika. Gari ya kutoka hapa kushuka nchi tambarare bila stata haitoki kwa mikono yangu, hata mwenyewe akipiga magoti. Yako niliitafutia springi nyingine, nikamaliza, ikazunguka kama mpya, na nikaifunga kwa gari ya mtu mwingine kwa sababu sikuweza kuiangalia. Madereva wa ndizi nawaambia habari ya reli mpaka wananikimbia. Juzi mmoja akaniambia, "Kerubo, sasa umekuwa pasta?" Nikamwambia, ukiona chuma imelala barabarani, wewe simama, hata ikizima, hata wakutukane. Akasema ameskia. Hajaskia. Nitamwambia tena.

Lakini kuna jambo la wiki iliyopita, na ndilo limenifanya nichukue kalamu. Nilikuwa dukani nyuma ya magunia nikitafuta grisi. Moraa akaingia kununua chumvi, hakuniona. Yule kijana wa duka, bila akili, akaanza mzaha wa treni, vile wamezoea. Moraa akaweka chumvi chini. Akasema, sauti yake chini kabisa, "Mume wangu hakushindana na mtu. Gari yake haikuwa na stata. Alikuwa anawaomba wampishe." Kijana akauliza, "Na stata ilikuwa wapi?"

Nilishika gunia, Momanyi. Nilingoja jina langu.

Moraa akasema, "Nipe chenji yangu." Akaenda.

Bado haitikii salamu yangu. Sabato tukikutana mlangoni mwa kanisa anaangalia juu ya bega langu kama mimi ni ukuta. Sijui alinihurumia au jina langu tu limekuwa chungu kwa mdomo wake. Sina haki ya kuuliza.

Pumzika, ndugu yangu. Ninakuahidi hii tu, kwa sababu hii naweza. Kila asubuhi nikienda kazini nitapitia kwake, nitasimama hapo kwa uzio, nimpe salamu ya asubuhi ya kwetu, "Moraa, bwakire," halafu ningoje kidogo, halafu niende. Asipojibu nitarudi kesho yake. Brayo akiwa mkubwa akiniuliza stata ilikuwa wapi, nitamwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Mvua imepungua. Wacha nifunge.

Dada yako,
Kerubo