Mkate wa Siku ya Sita

Kabeza, Jumamosi, 19 Novemba 1994

Asubuhi manyunyu, mawingu mazito upande wa uwanja wa ndege. Saa tatu jua likatoka kali, nguo nilizoanika jana nikazikuta zimekauka niliporudi nyumbani. Wiki hii yote nimekuwa nikiandika hali ya hewa kwa ajili ya mkate, si kwa ajili yangu. Unyevu ndio unaoamua.

Leo ilikuwa siku ya sita.

Niandike kwa utaratibu, maana siku yenyewe haikuwa na utaratibu hata kidogo.

Henrik, mhandisi wa maji kutoka Denmark, alifika hapa wiki mbili zilizopita na mifuko miwili midogo ya unga wa rai. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano, na mkate wake ni mweusi na mzito. Yeye na wenzake wanne wanatengeneza pampu za maji vijijini. Wanaondoka Kigali kila Jumatatu alfajiri, wanarudi Jumamosi, na huko waendako maduka bado yamefungwa. Mkate mweupe wanaobeba Jumatatu unakuwa mgumu Jumatano, na Alhamisi umeota kuvu. Henrik aliishi Iringa miaka minane, kwa hiyo tunaelewana vizuri kwa Kiswahili. Aliniambia: "Dada Vene, usinioneshe mkate wa leo. Mkate wa leo kila mtu anao. Nioneshe wa siku sita." Ukifaa, nitawaokea kila wiki na unga watauleta wenyewe.

Kwangu hilo si jambo dogo. Nilitoka Bukoba mwezi wa nane, nikaja kwenye nchi ambayo wazazi wangu waliiacha kabla sijazaliwa. Nikajenga tanuri la matofali uani kwa Shangazi Spesioza. Mpaka leo sina mteja wa kudumu. Majirani wananunua maandazi mawili, kesho yake hawanunui, na siwalaumu. Kila barua ya Mama inasema nirudi. Nimejipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Nikiwa bado sina kazi ya kueleweka, nafunga mizigo.

Jumapili iliyopita nilioka mikate mitano kwenye makopo ya mafuta ya msaada niliyoyakata nusu. Sikutumia hamira ya dukani. Nilitumia chachu niliyoilea wiki nzima kwenye kopo la maziwa, kwa sababu ule uchachu ndio unaochelewesha kuvu. Mikate ilipotoka niliiacha wazi ipoe usiku kucha. Henrik alikuwa ameniwekea sharti moja kubwa: mkate wa rai haukatwi siku ulipookwa. Nje unaonekana umeiva, ndani bado unanata kama ugali ambao haujaiva. Unahitaji siku nzima ya kutulia.

Jumatatu kila mkate nikauweka mahali pake. Ule wa kwenye mfuko wa nailoni ulitoa jasho siku ile ile, na Jumatano ulikuwa na madoa ya kijani. Nikautupa. Wa kwenye agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kirefu kilichochongoka, ulipendeza sana pale mezani lakini ulikauka kingo zote. Nilioufungia kwenye debe ulibaki laini, ila ukashika harufu ya stoo. Majani ya mgomba yalinipa matumaini mpaka Alhamisi, yalipoanza kuoza yenyewe. Wa tano niliufunga kwa kitambaa cha pamba nilichoshona kutokana na mfuko wa unga, nikauweka ndani ya chungu cha udongo kilichofutwa kwa siki, kifuniko nikakiegemeza upande kidogo ili upumue.

Jana jioni niliugonga kwa kidole, nikaunusa. Ulikuwa mzima. Nilicheka peke yangu.

Shangazi alinitazama wiki nzima kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Weye unachunga mkate kama mtoto wa homa," alisema Jumanne. Alhamisi akaongeza kwamba kule Bujumbura, alikoishi zaidi ya miaka thelathini, mkate ukifika jioni wanapewa kuku. Nikaendelea kuandika. Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na mistari na tarehe, lakini sikukaa naye hata dakika tano kumweleza kwa nini.

Leo saa mbili nilikwenda Niboye kwa mama mmoja anayeuza siagi. Nilitaka Henrik aonje mkate na siagi nzuri. Nilirudi saa nne na nusu, na kabla sijafungua geti nikasikia harufu.

Mkate wa moto.

Shangazi alikuwa ameamka mapema kuliko mimi, akakanda unga wa rai uliobaki, akatia hamira nyingi ili uumuke haraka. Mkate ulikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe cha kufumwa, unafuka moshi. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa mshanana, vazi la sherehe. Nilikimbilia chungu. Kilikuwa kitupu, hata kitambaa hakikuwemo.

"Mkate wangu uko wapi?"

"Nimeutoa."

"Umeutoa kwenda wapi, Shangazi? Ule ndio mtihani!"

"Eh! Mtu anatoka Ulaya, anapita bahari, anaingia kwangu, mimi nimpe mkate wa siku sita? Watasema Spesioza alirudi kwao na njaa. Nyie wa Tanzania hamna haya kabisa."

Hapa lazima niseme ukweli, maana daftari hili halina faida nikijipamba. Nilimwambia kwamba hapa si Bujumbura na hii si harusi. Nikamwambia kama hawezi kuheshimu kazi yangu basi bora nirudi Bukoba kesho. Nilipandisha sauti. Kwa dada ya baba yangu, aliyenipokea na begi moja na kunipa kitanda chake mpaka tulipopata cha pili.

Alinyoosha tu kitambaa cha meza, upande ambao tayari ulikuwa umenyooka.

Na hapo hapo tukasikia hodi.

Henrik aliingia amevaa shati safi, akasalimia kwa adabu, akamshika Shangazi mkono kwa mikono miwili. Shangazi akamkaribisha kiti chenye mto. Nilisimama pale na siagi yangu mkononi kama mtu aliyepotea njia. Nikisema ukweli, ninamwaibisha mtu mzima mbele ya mgeni ndani ya nyumba yake. Nikinyamaza, kazi inaondoka na Bukoba inakuja.

Niliweka siagi mezani, kando ya kisu.

Shangazi alikata mwenyewe. Kisu kiliingia nusu, kikakwama. Alipokivuta kilitoka na donge la kahawia limeng'ang'ania pande zote.

"Kisu hiki butu," alisema, akikifuta.

"Si kisu, Mama," Henrik alisema kwa upole. "Huu umeokwa leo?"

"Leo! Sasa hivi! Gusa, uko moto."

Henrik hakugusa. Alinigeukia. "Dada Vene, na ule wa Jumapili?"

Nilimtazama Shangazi. Yeye alikuwa anatazama mlango. Maneno yaliyonitoka yalikuwa ya kijinga: "Umetoka."

"Umetoka? Umekwenda wapi?"

"Uko huku juu na mimi!" ikasema dari.

Alikuwa Ezekieli, fundi wetu wa paa. Paa la sebule lilitobolewa wakati wa vita, na tangu juzi anaziba. Tundu lenyewe liko juu ya meza kabisa, kwa hiyo alikuwa amesikia kila kitu, pamoja na ugomvi wangu na Shangazi. Uso wake ukajitokeza pale tunduni, nyundo mkononi, anacheka.

"Mama Spesioza alinipa na chai saa tatu," alisema. "Akaniambia, kula, Ezekieli, ni wa kutupa. Nikasema asante Mungu kwa takataka kama hizi."

"Umeumaliza?" niliuliza. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nusu nimekula. Nusu ni ya mama watoto."

"Shuka nayo!"

"Eh, watu wa Kabeza! Wanakupa kitu saa tatu, saa tano wanakitaka."

Lakini alishuka. Ule mkate alikuwa ameurudishia kitambaa changu cha pamba, upande uliokatwa ameulaza chini juu ya bati safi, bila kufundishwa na mtu. Nilimwuliza kwa nini aliulaza hivyo. Alinishangaa. "Usiingie vumbi," alisema.

Niliukata kipande chembamba. Kisu kilipita hadi chini, kikatoka safi. Ndani ulikuwa na unyevu kidogo, mweusi sawasawa, harufu ya uchachu na ya kitu kama kimea. Nilitaka kumpa Henrik, nikasita, kwa sababu sasa nilikuwa nampa mgeni mabaki ya fundi, jambo baya kuliko lile alilolikimbia Shangazi.

"Ngoja," Shangazi alisema.

Alichukua kile kipande mkononi mwangu. Hapa mwenye nyumba anapomwandalia mgeni pombe huonja kwanza yeye, mgeni aone kwamba ni salama. Kwa mkate sijawahi kuona mtu akifanya hivyo. Shangazi alifanya, amesimama wima ndani ya mshanana wake. Alitafuna. Mkate wa rai hautafunwi haraka, na sisi watatu tulikuwa tunautazama mdomo wake kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani wa taifa.

Alimeza. Akapaka siagi kipande kingine, akala hicho pia.

"Vene," alisema, "kwa nini hukuniambia kwamba hii ni impamba?"

Impamba ni chakula cha njiani, kile mtu anachofungiwa anapoondoka kwenda mbali. Nilikuwa nimelitafuta neno lenyewe wiki nzima bila kujua kwamba ninalitafuta.

Kisha akamgeukia Henrik na kumweleza kama vile yeye ndiye aliyeanzisha biashara. Mgeni anapewa cha moto, alisema, hilo halibadiliki. Lakini anayesafiri hapewi cha moto, kitaharibika kabla hajavuka mto. Walipokimbilia Burundi yeye alikuwa msichana mdogo, na mama yake alifunga mtama uliokaangwa na kusagwa, wakaula siku tisa. "Siku ya tisa ulikuwa mtamu kuliko ya kwanza," alisema. "Mimi nilifikiri ni njaa. Labda haikuwa njaa." Sijawahi kumsikia akizungumzia safari ile. Hata leo hakuendelea zaidi ya hapo. Alimsogezea mgeni sahani.

Henrik alikula vipande vitatu. Alisema ganda ni gumu kidogo, nipunguze moto mwishoni. Alisema chumvi iongezwe. Halafu akasema anataka kumi na miwili kwa safari ya Jumatatu hii, na kila Jumatatu, na unga ataleta leo jioni.

Kila Jumatatu.

Nilisema ndiyo, nikasema tena ndiyo, kisha nikaenda jikoni nikajifanya natafuta kitu.

Unga umefika saa kumi na moja, magunia mawili, kavu. Chachu nimeilisha, na unga nimeshaukanda kwenye beseni kubwa. Kufikia alfajiri utakuwa umeumuka. Nitaoka kesho kabla ya misa, mikate ipoe na kutulia mpaka Jumatatu, wapakie kabla hakujapambazuka. Henrik ameniomba nimwandikie dereva wao namna ya kuitunza kwenye gari, kwa hiyo nimeandika karatasi mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kinyarwanda ambayo Shangazi ameisahihisha mara nne. Isikae kwenye nailoni wala karibu na injini. Kitambaa kikilowa, kianikwe kwanza. Wakate kiasi cha kula tu, na upande uliokatwa uangalie chini, kama alivyofanya Ezekieli. Vyungu havifai barabara zile, vitavunjika, kwa hiyo tutajaribu sanduku la mbao lililofutwa kwa siki. Sijui kama litafaa. Nimewaomba waniandikie kila siku mkate ulivyo.

Ule mkate mweusi wa Shangazi nao nimeuweka chunguni. Hauna kosa lolote, uliharakishwa tu. Mke wa Ezekieli ametengewa nusu yake.

Bado nilikuwa sijaomba msamaha. Baada ya chakula nilimwambia Shangazi kwamba nilisema vibaya. Alikuwa anakunja mshanana. Akasema na yeye aliwahi kumfokea shangazi yake, na shangazi yake alikuwa mbaya kweli kweli, kwa hiyo mimi sina kisingizio kama chake. Nilicheka, naye akacheka. Akaniuliza kesho anatakiwa kuwasha tanuri saa ngapi. Sikuwa nimemwomba awashe.

Halafu akaniomba kisu cha mkate. Nilidhani anataka kukisafisha. Amekwenda nacho chumbani kwake na kufunga mlango, na kutoka huko ndani amenitangazia kwamba hakitatoka mpaka Jumatatu alfajiri, hata nikilia, maana watoto wa Tanzania hawaaminiki mbele ya mkate wa moto.

Nalala. Saa tatu na dakika ishirini.